Mapambano ya kifalme katika nasaba ya Ptolemaio

Mapambano ya kifalme katika nasaba ya Ptolemaio yalikuwa mfululizo wa njama, mauaji na vita vya ndani baina ya watu wa ukoo mmoja uliotawala Misri tangu mwaka 305 KK hadi mwaka 30 KK. Ukoo huo ulikuwa na asili ya Masedonia, nao ulitawala kutoka mji wa Aleksandria. Katika muda wa miaka 275 hivi ndugu waliuana, wake walifukuzwa, watoto wadogo waliuawa kwa sababu tu walikuwa na haki ya kurithi, na mfalme mmoja anasimuliwa kuwa alimwua mwana wake mwenyewe ili kumwumiza mama wa mtoto huyo.

Wafalme wote wa nasaba hii waliitwa Ptolemaio (kwa Kigiriki: Ptolemaios), na malkia wengi waliitwa Arsinoe, Berenike au Kleopatra. Kwa sababu hiyo wanahistoria wa leo huwatofautisha kwa namba. Watu wa zamani hawakutumia namba hizo; waliwatambua kwa majina ya heshima waliyojipa, au kwa majina ya utani waliyopewa na wakazi wa Aleksandria.

## Asili ya nasaba

Aleksander Mkuu alifariki mjini Babeli mwaka 323 KK bila kuacha mrithi mtu mzima. Majemadari wake waligawana milki yake, na Ptolemaio, mwana wa Lagos, akapata Misri kama liwali. Jemadari Perdikkas alipojaribu kumnyang'anya nchi hiyo, jeshi lake lilishindwa kuvuka mto Nile, naye akauawa na maafisa wake mwenyewe. Ptolemaio alikuwa pia ameiteka maiti ya Aleksander na kuipeleka Misri, jambo lililompa heshima kubwa mbele ya Wamasedonia.

Mnamo mwaka 305 KK alijitangaza kuwa mfalme. Mbele ya Wagiriki alikuwa mfalme wa Kimasedonia. Mbele ya Wamisri alikuwa farao. Alitawala hadi alipofariki kitandani mwake akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Wengi wa uzao wake hawakupata bahati hiyo.

## Sababu za ugomvi

Sababu kadhaa zilifanya ukoo huu uwe na umwagaji wa damu mwingi:

- Kukosekana kwa kanuni ya urithi. Mfalme wa Kimasedonia aliweza kuoa wake kadhaa na kumchagua mwana yeyote awe mrithi. Hivyo kila mke na watoto wake walikuwa kundi lenye maslahi yake.
- Ndoa za ndugu. Tangu Ptolemaio II, wafalme wengi walioa dada zao. Ndoa hizo zilizuia koo nyingine zisipate haki ya kudai ufalme, lakini zilimfanya malkia awe mrithi halali sawa na mumewe. Aliweza kutawala bila yeye, au dhidi yake.
- Utawala wa pamoja. Mara nyingi watu wawili au watatu walitawala kwa pamoja. Walipokosana hapakuwa na mtu juu yao wa kuwaamua.
- Umati wa Aleksandria. Wakazi wa mji mkuu, pamoja na askari waliokaa humo, walijiona kuwa na haki ya kuwakubali au kuwafukuza wafalme.
- Mataifa jirani. Mgombea aliyeshindwa alipata daima mahali pa kukimbilia: Kupro, Kurene, Siria, na baadaye Roma.

## Watoto wa Ptolemaio I

Ptolemaio I alikuwa na watoto kwa mke wake Euridike, lakini baadaye alimpenda zaidi Berenike I. Mwaka 285 KK hivi alimpitisha kando mwana mkubwa wa Euridike na kumfanya mwana wa Berenike kuwa mtawala mwenza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa Ptolemaio II.

Mwana aliyepitishwa kando alijulikana kama Ptolemaio Keraunos, yaani "Radi". Aliondoka Misri na kwenda kwa mfalme Lysimachos wa Thrakia. Huko alimkuta Arsinoe II, dada yake kwa upande wa baba, aliyekuwa mke wa Lysimachos. Mfalme huyo alimwua mwana wake mkubwa Agathokles, na waandishi wa kale walidai kwamba Arsinoe alichochea mauaji hayo ili watoto wake warithi. Ugomvi huo uliidhoofisha nchi, na mwaka 281 KK Lysimachos alishindwa na kuuawa vitani na Seleukos I.

Keraunos alijiunga na mshindi, kisha katika mwaka huohuo akamchoma kisu Seleukos na kujitangaza mfalme wa Masedonia. Halafu alimwoa Arsinoe II akiahidi kuwalinda wanawe. Mara alipofunguliwa milango ya mji wa Kasandreia, aliwaua wana wawili wadogo wa malkia. Mkubwa alikuwa ameshakimbia. Keraunos mwenyewe aliuawa na Wagalia mwaka 279 KK.

Arsinoe II alikimbilia Misri kwa Ptolemaio II, ndugu yake wa baba na mama mmoja. Mke wa mfalme, Arsinoe I, alishtakiwa kwa njama na kupelekwa uhamishoni Koptos katika Misri ya Juu. Mfalme akamwoa dada yake. Wagiriki wengi walichukizwa na ndoa hiyo, ingawa makuhani waliilinganisha na ndoa ya miungu Isis na Osiris. Malkia alipewa jina Philadelphos, maana yake "mpenda ndugu", na baadaye mfalme pia alijulikana kwa jina hilo. Hata hivyo Ptolemaio II aliwaua ndugu zake wawili kwa upande wa baba walioshtakiwa kwa uasi.

## Mauaji ya mwaka 221 KK na kifo cha Arsinoe III

Ptolemaio III alirithi mwaka 246 KK bila ugomvi nyumbani. Lakini dada yake Berenike, aliyeolewa na mfalme Antiochos II wa Siria, aliuawa mjini Antiokia pamoja na mtoto wake mchanga, kwa ajili ya mke wa kwanza Laodike na wanawe. Ptolemaio III alivamia Siria kwa kulipiza kisasi, na vita hivyo viliendelea kwa miaka kadhaa.

Mwana wake Ptolemaio IV alipokalia kiti mnamo mwaka 221 KK, waziri wake Sosibios aliamua kuondoa kila mtu wa ukoo aliyeweza kuwa mpinzani. Waliouawa ni Lysimachos, baba mdogo wa mfalme. Magas, mdogo wa mfalme aliyependwa na jeshi, ambaye anasimuliwa kuwa alimwagiwa maji ya moto bafuni. Na Berenike II, mama mzazi wa mfalme. Jina la heshima la Ptolemaio IV lilikuwa Philopator, yaani "mpenda baba".

Ptolemaio IV alishinda vita kubwa ya Raphia mwaka 217 KK dhidi ya Antiochos III. Katika vita hiyo ndovu 73 kutoka Afrika walipambana na ndovu 102 wa Antiochos. Lakini ili kushinda ilibidi Wamisri wenyewe wapewe silaha na mafunzo, na mwanahistoria Polybios aliona kwamba jambo hilo liliwapa ujasiri wa kuasi. Kwa miaka 20 hivi sehemu kubwa ya Misri ya Juu ilikuwa chini ya mafarao Wamisri waliopinga Aleksandria.

Mfalme alipofariki mwaka 204 KK, Sosibios na mwenzake Agathokles walificha habari hiyo. Kwanza walimwua malkia Arsinoe III, ili asiwe msimamizi wa mwanawe Ptolemaio V, aliyekuwa na umri wa miaka 5 au 6. Kisha wakatangaza vifo vyote viwili pamoja na kujiweka wenyewe kuwa wasimamizi. Muda si mrefu Sosibios alitoweka katika uongozi na Agathokles akabaki peke yake. Watu wa Aleksandria walipojua malkia alivyokufa, walizunguka jumba la kifalme usiku, wakamtwaa mtoto mfalme na kumketisha uwanjani mbele ya umati. Alipoulizwa kama wauaji wa mama yake watolewe kwa watu, mtoto alikubali kwa ishara ya kichwa. Agathokles, dada yake na mama yao waliuawa hadharani kwa ukatili mkubwa.

## Ptolemaio VI, Ptolemaio VIII na Kleopatra II

Ptolemaio V na mke wake Kleopatra I waliacha watoto watatu: Ptolemaio VI, Kleopatra II na Ptolemaio VIII. Kleopatra II aliolewa na kaka yake Ptolemaio VI, na tangu mwaka 170 KK wote watatu walitawala pamoja. Misri ilipovamiwa na Antiochos IV wa Siria, mjumbe wa Roma Gaius Popillius Laenas alimkuta mfalme huyo karibu na Aleksandria mwaka 168 KK. Alichora duara mchangani kumzunguka, akamtaka ajibu kabla ya kutoka ndani yake kama ataondoka Misri. Antiochos aliondoka. Tangu siku hiyo kila Ptolemaio alijua kwamba neno la mwisho liko Roma.

Miaka michache baadaye ndugu hao wawili walikosana. Ptolemaio VI alifukuzwa mwaka 164 KK, akaenda Roma kuomba msaada, na mwaka 163 KK akarudishwa. Mdogo wake alipewa Kurene, katika Libya ya leo. Hakuridhika. Baada ya kunusurika shambulio la kumwua, ambalo alimlaumu kaka yake, aliandika wasia mwaka 155 KK kwamba akifa bila mtoto nchi yake iwe mali ya Roma. Maandishi ya wasia huo yaliyochongwa juu ya jiwe yamepatikana Kurene. Ulikuwa kama ngao: kwa kuwa Roma ingerithi, kumwua hakungemfaidi kaka yake.

Ptolemaio VI alikufa vitani Siria mwaka 145 KK. Mdogo wake alirudi na kumwoa mjane, ambaye alikuwa dada yao. Mwandishi Mroma Justinus anasimulia kwamba mwana mdogo wa Ptolemaio VI aliuawa siku ya arusi akiwa mikononi mwa mama yake. Mfalme mpya aliwafukuza pia wataalamu wengi waliokuwa upande wa kaka yake, akiwemo Aristarchos, msimamizi wa maktaba maarufu ya Aleksandria. Alijiita Euergetes, "Mfadhili". Watu walimwita Physkon, "Kitambi".

Miaka michache baadaye alimwoa pia Kleopatra III, binti wa Kleopatra II na wa marehemu kaka yake, bila kumwacha mama. Mama na binti wakawa malkia kwa wakati mmoja, mume wao akiwa mmoja. Mnamo mwaka 132 KK vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Umati wa Aleksandria ulichoma jumba la kifalme, na Ptolemaio VIII akakimbilia Kupro pamoja na Kleopatra III. Kleopatra II alitangazwa kuwa mtawala peke yake.

Mfalme aliogopa kwamba mwanawe mwenyewe aliyezaliwa na Kleopatra II, Ptolemaio Memphites, angetangazwa kuwa mfalme badala yake. Waandishi wa kale wanasema alimwua kijana huyo, ambaye alikuwa bado hajafikia utu uzima, akaukata mwili na kuutuma ndani ya sanduku kwa mama yake, ufike siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwake. Malkia aliuonyesha kwa watu wa mji.

Ptolemaio VIII aliiteka tena Aleksandria mwaka 127 au 126 KK. Kinachoshangaza zaidi ni kwamba mwaka 124 KK watatu hao walipatana na kutawala tena pamoja. Kleopatra II alikubali kukaa katika serikali moja na mwuaji wa mwanawe, kwa kuwa hakuna upande uliokuwa na nguvu za kuumaliza mwingine.

## Kleopatra III na wanawe

Baada ya kifo cha Ptolemaio VIII mwaka 116 KK, Kleopatra III alikuwa na wana wawili. Alimpendelea mdogo, lakini watu wa Aleksandria walimtaka mkubwa, Ptolemaio IX. Malkia alikubali, kisha akamlazimisha mwanawe amwache mke wake Kleopatra IV na kumwoa dada mwingine, Kleopatra Selene. Kleopatra IV hakukaa kimya: alikwenda Siria na kuolewa na Antiochos IX, mmoja wa wafalme wawili waliogombea nchi hiyo. Mpinzani wake, Antiochos VIII, alikuwa mume wa dada yake Tryphaina. Antiokia ilipotekwa mwaka 112 KK, Tryphaina aliamuru dada yake auawe ingawa alikuwa amekimbilia hekaluni. Mwaka uliofuata Tryphaina mwenyewe aliuawa na mjane wa dada yake.

Mwaka 107 KK Kleopatra III alimshtaki Ptolemaio IX kwamba alitaka kumwua. Umati ulimfukuza, na mdogo wake Ptolemaio X akaitwa kutoka Kupro. Mama na mwana huyo nao walikosana. Kleopatra III alifariki mwaka 101 KK, na inasimuliwa kwamba aliuawa kwa amri ya mwana aliyempendelea. Ptolemaio X alifukuzwa mwaka 88 KK na kuuawa baharini, na Ptolemaio IX alirudi kutawala hadi kifo chake.

## Roma kama mwamuzi

Ptolemaio IX aliacha binti, Berenike III, aliyependwa na watu. Mwaka 80 KK Sulla, mtawala wa Roma, alimtuma Ptolemaio XI, mwana wa Ptolemaio X, aje kumwoa na kutawala naye. Baada ya siku 19 Ptolemaio XI alimwua mke wake. Watu wa Aleksandria walimkamata na kumwua mara moja.

Waliobaki walikuwa wana wa Ptolemaio IX ambao mama yao hajulikani. Mmoja alipewa Kupro. Mwingine akawa Ptolemaio XII, aliyeitwa Auletes, "mpiga zumari". Ili Roma imtambue alilazimika kutoa hongo ya talanta 6,000, fedha alizozipata kwa mikopo na kodi. Mwaka 58 KK Roma iliitwaa Kupro, na mfalme wake akajiua kwa sumu. Ptolemaio XII hakumtetea ndugu yake, na watu wenye hasira wakamfukuza.

Binti yake Berenike IV alitawazwa badala yake. Mume wa kwanza aliyeletewa kutoka Siria hakumpendeza, akanyongwa baada ya siku chache. Baba alipokuwa Roma alitumia fedha nyingi kuwaua wajumbe wa Aleksandria waliokuja kumpinga. Mwaka 55 KK jemadari Mroma Aulus Gabinius alimrudisha kwa ahadi ya talanta 10,000. Ptolemaio XII aliamuru Berenike IV auawe.

## Kleopatra VII na ndugu zake

Ptolemaio XII alifariki mwaka 51 KK na kuwaachia ufalme binti yake Kleopatra VII, mwenye umri wa miaka 18, na mwanawe Ptolemaio XIII, mwenye miaka 10 hivi. Washauri wa mvulana huyo walimfukuza Kleopatra. Mwaka 48 KK walimwua Pompeius, jemadari Mroma aliyeshindwa na kuja kuomba hifadhi, wakitumaini kumfurahisha Julius Caesar. Caesar hakufurahi. Alimsaidia Kleopatra, na baada ya mapigano makali Ptolemaio XIII alizama katika mto Nile mwanzoni mwa mwaka 47 KK.

Ndugu wengine wawili hawakuishi muda mrefu. Arsinoe IV, aliyejitangaza malkia wakati wa vita hiyo, alitembezwa kama mateka mjini Roma mwaka 46 KK, kisha akaruhusiwa kukaa katika hekalu la Artemi huko Efeso. Mwaka 41 KK aliuawa kwa amri ya Marcus Antonius, kwa ombi la Kleopatra. Ptolemaio XIV, aliyekuwa mtawala mwenza kwa jina tu, alifariki mwaka 44 KK. Mwanahistoria Myahudi Yosefu Flavius anasema dada yake alimpa sumu. Nafasi yake ilichukuliwa na Ptolemaio XV Caesarion, mwana wa Kleopatra aliyemtaja Caesar kuwa baba yake.

Antonius na Kleopatra walishindwa na Octavianus katika vita ya Actium mwaka 31 KK. Mwaka uliofuata wote wawili walijiua. Caesarion, mwenye umri wa miaka 17 hivi, aliuawa kwa amri ya Octavianus, ambaye hakutaka pawe na mwana mwingine wa Caesar. Misri ikawa jimbo la Roma.

## Athari

Ugomvi wa ukoo uligharimu nchi eneo lake. Siria ya kusini, pamoja na Palestina, ilipotea mnamo mwaka 200 KK wakati wa mfalme mtoto. Kurene iliachiwa Roma kwa wasia wa Ptolemaio Apion, mwana wa Ptolemaio VIII, mwaka 96 KK. Kupro ilifuata mwaka 58 KK.

Gharama kwa watu wa kawaida ilikuwa kubwa pia. Majeshi ya pande zote yalilipwa kwa kodi za wakulima. Amri ya msamaha iliyotolewa mwaka 118 KK, iliyohifadhiwa kwenye mafunjo, inaonyesha hali ilivyokuwa baada ya vita vya Ptolemaio VIII na Kleopatra II: iliwasamehe watu madeni ya kodi, iliwaita warudi wale waliokimbia makazi yao, na iliwakataza maafisa kunyang'anya mali na kuwafunga watu ovyo.

## Tathmini ya wanahistoria

Habari nyingi za mauaji haya zinatoka kwa waandishi wasiowapenda Waptolemaio. Polybios aliyaona mambo ya Aleksandria kwa jicho la Mgiriki aliyeheshimu Roma. Justinus alifupisha kitabu cha zamani zaidi na kupenda visa vya kutisha. Na waandishi wa wakati wa Octavianus walikuwa na sababu ya kumchafua Kleopatra VII. Kwa hiyo mambo kama mauaji ya siku ya arusi au sumu ya Ptolemaio XIV hayakubaliwi na wataalamu wote.

Hata hivyo mafunjo na maandishi ya mawe yanathibitisha mengi. Nyaraka za kila siku, kama mikataba na risiti za kodi, ziliandikwa kwa mwaka wa mtawala. Kwa kufuata majina yanayotajwa, yanayoachwa na yanayorudi, wataalamu wanaweza kuona ni nani aliyetambuliwa katika kila mji na mwezi.

Nasaba iliendelea kwa muda mfupi nje ya Misri. Kleopatra Selene, binti wa Kleopatra VII na Antonius, aliolewa na mfalme Juba II wa Mauretania. Mwana wao, Ptolemaio wa Mauretania, aliuawa kwa amri ya Kaisari Caligula mwaka 40 BK.

## Tazama pia

- Misri ya Kale
- Aleksander Mkuu
- Kleopatra VII
- Maktaba ya Aleksandria